Wanepali na Waarmenia Marekani: nani kajipata, na kwa nini?

Mbeba Boksi

Wakuu, salaam. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite aende jukwaa la michezo.

Nimeishi Glendale, California, miaka mitano nikilea wazee kwenye nyumba ya bosi mmoja Muarmenia. Sasa niko Columbus, Ohio, nabeba maboksi zamu ya usiku, na karibu nusu ya zamu yetu ni Wanepali. Kwa hiyo kwenye mikusanyiko ya Watanzania, iwe harusi au msiba, mimi ndiye shahidi wa kuitwa ubishi ule ule ukianza: Waarmenia wana biashara kwenye damu, Wanepali wameumbwa kutumwa. Ukiomba ushahidi unaonyeshwa gari la Muarmenia.

Nilikuwa nanyamaza. Mwezi uliopita mtu mzima kabisa, msomi, kaitoa kauli hiyo mbele ya watoto. Nikasema basi, naandika.

Kituo cha utafiti cha Pew kilipanga mapato ya kaya za Waasia walioko Marekani kwa mwaka 2019. Zipange kaya zote mstari mmoja toka fukara hadi tajiri, uchukue iliyo katikati. Ya Wahindi iliingiza dola 119,000. Ya Waasia wote kwa jumla 85,800. Ya Marekani nzima 61,800. Ya Wanepali 55,000, na chini yao walibaki Waburma tu. Hapo wabishi wanapiga makofi na kufunga mjadala.

Ila jedwali hilo lipekue juu mpaka chini, Waarmenia humuoni hata mmoja. Marekani inawahesabu ndani ya watu weupe. Ukiwataka peke yao unawatafuta kwenye lile swali la asili ya mababu, na humo wamo wote: mjukuu wa aliyeshuka Massachusetts kabla ya 1900, ambaye Kiarmenia anakijua cha kwenye chakula tu, na mama aliyetua Los Angeles kutoka Yerevan, mji mkuu wa Armenia, mwaka juzi. Wanepali nao ni wa jana. Sensa ya 2010 ilihesabu 51,907 waliojiandika Wanepali peke yake. Ya 2020 ikawakuta 205,297. Maana yake kwenye kila Wanepali wanne, watatu hivi hawakuwemo kwenye hesabu miaka kumi kabla. Sasa unamlinganisha nani na nani?

Na huo weupe wenyewe haukuanguka toka mbinguni, uliamuliwa mahakamani. Zamani Marekani ilitoa uraia wa kuomba kwa weupe tu, na baada ya 1870 ikaongeza watu wa asili ya Afrika. Mwaka 1923 Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia Mhindi, Bhagat Singh Thind, ikasema si mweupe kwa maana ya sheria. Haikupita muda mrefu serikali ikamfuata Muarmenia wa Portland, Oregon, muuza mazulia aitwaye Tatos Cartozian, ikitaka kumvua uraia kwa hoja hiyo hiyo kwamba ni mtu wa Asia. Wakaletwa mashahidi wasomi, akiwemo Franz Boas, bingwa wa elimu ya binadamu. Cartozian akashinda, 1925.

Mtasema hayo ni mambo ya rangi, uchumi uko wapi? Uko California. Tangu 1913 jimbo lile lilikuwa na sheria iliyomzuia kumiliki shamba mgeni yeyote asiyeruhusiwa kuwa raia. Waarmenia walikuwa wameanza kufika Fresno tangu 1881 na wakawa wakulima wakubwa wa zabibu za kukausha. Kesi ile ingewaangusha, shamba la Muarmenia mgeni lingeingia kwenye marufuku ile ile iliyowabana Wajapani na Wahindi wa eneo lile lile. Sisemi walikula raha. Fresno kulikuwa na mitaa ambayo hati za nyumba ziliandikwa kabisa kwamba Muarmenia haruhusiwi kununua, na bei ya zabibu ilipoporomoka miaka ya 1920 wengi walipoteza mashamba. Lakini mlango wa sheria ulikuwa wazi kwao, mwenzao jirani umefungwa. Kirk Kerkorian, aliyekuja kujenga mahoteli makubwa ya Las Vegas, kazaliwa Fresno hiyo hiyo 1917, na baba yake alikuwa mmoja wa waliofilisika.

Mnepali miaka hiyo yuko wapi? Yuko kwao. Nchi ilikuwa imefungwa chini ya ukoo uliotawala wa akina Rana mpaka 1951.

Kwa hiyo hoja yangu ni moja, na nipingeni: tunachokilinganisha ni mwaka wa kufika na mlango wa kuingilia. Damu haimo. Kama mnabisha, waangalieni Waarmenia wenyewe kwa wenyewe. Waliotoka Iran baada ya mapinduzi ya 1979 wengi walikuja na elimu, na baadhi na mtaji. Waliotoka Lebanon vita vilipoanza 1975 walikuwa mafundi na wafanyabiashara waliozoea kujitegemea. Waliotoka Armenia ya Kisovieti walikuwa wahandisi na walimu ambao vyeti vyao havikusomeka, na duka binafsi hawakuwahi kuliendesha maisha yao yote. Damu moja, kanisa moja, na hao wa mwisho wakawa maskini kuliko wenzao kwa miaka mingi. Wazee niliowalea mimi Glendale ni hao. Wengi waliishi kwa posho ya wazee inayotolewa na serikali.

Karibuni.

---

Kidagaa

Mkuu, nimesoma yote, chai imepoa. Jibu swali la kichwa cha uzi wako: nani kajipata?

---

Mbeba Boksi

@Kidagaa kwa jumla, Waarmenia. Hilo sikulikataa popote.

---

Hesabu Kali

Mleta uzi umefanya kazi nzuri ila umeruka vitu viwili.

Cha kwanza, takwimu ni ya kaya, na kaya hazilingani. Kaya ya Wanepali kwa kawaida ina watu wengi: baba, mama, kijana na mkewe, wajukuu. Dola 55,000 wakigawana watano au sita ni umaskini zaidi ya unavyoonekana. Halafu igeuze upande wa pili: mishahara mitatu midogo ikikaa sufuria moja, kodi moja, luku moja, inaweza kununua nyumba ambayo mshahara mmoja mkubwa unashindwa.

Cha pili, mahali. Waarmenia wamejazana Los Angeles na Glendale, sehemu ambayo kodi ya vyumba viwili inameza mshahara wa mtu. Wanepali wengi wako Ohio, Pennsylvania na Texas. Dola hiyo hiyo Columbus inanunua paa, Glendale inanunua godoro. Mapato ni kitu kimoja na maisha ni kingine.

Na usiseme "Wanepali" kama ni kundi moja. Wapo walioingia kwa bahati nasibu ya grinikadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja. Hiyo inataka angalau uwe umemaliza sekondari au una uzoefu wa kazi ya ufundi, kwa hiyo huyo Mnepali unayemkuta sheli ya Dallas saa nane usiku yawezekana alikuwa mwalimu Kathmandu. Wapo waliokuja kusoma. Na wapo wa Bhutan.

---

Kidagaa

Wa Bhutan tena? Si tunaongelea Nepal?

---

Mama Furaha

Kaka Kidagaa, ngoja mimi nikueleze maana nakaa nao mlango kwa mlango.

Mimi ni Mbembe wa Fizi, Kongo. Nimekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu pale Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa hapa Columbus. Majirani zangu wanaongea Kinepali ila kwao ni Bhutan. Babu zao walihamia kusini mwa Bhutan kulima, wakakaa vizazi. Baadaye serikali ya kule ikafanya sheria ya uraia ya 1985, ikataka mtu aonyeshe karatasi kwamba alikuwa nchini mwaka 1958. Nani ana karatasi ya 1958? Kufika mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu karibu laki moja wamefukuzwa. Nepal ikawaweka kambini, kambi saba, wilaya za Jhapa na Morang. Wamekaa humo karibu miaka ishirini. Kuanzia 2008 ndipo wakaanza kusafirishwa kwa wingi, zaidi ya laki moja nchi zote, na wengi sana wakaletwa Marekani.

Kwa hiyo mtu akisema Wanepali wamechelewa, mimi nacheka. Unafika na mfuko wa plastiki wenye makaratasi, shirika linakushika mkono siku 90, halafu barua ya deni la tiketi ya ndege inakuja. Ndiyo, ile ndege tunailipa! Baba yangu hakuamini, alisema serikali kubwa hivi inadai nauli? Tumelipa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Majirani nao vile vile.

Lakini wao wametushinda kitu kimoja. Kambini kwao watoto walisoma kwa Kiingereza. Vijana walipofika walishika kazi haraka, wakawa wakalimani hospitali na shuleni. Sisi Nyarugusu watoto walisoma kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo. Hapa Kifaransa ukipeleke wapi?

---

Mbeba Boksi

@Mama Furaha shikamoo mama. Hiyo ya lugha ya shule ya kambini sikuwa nimeifikiria kabisa, na ni hoja ya uchumi iliyo wazi.

Wacha niongezee kuhusu wazee, maana ndiyo kazi niliyoifanya. Waarmenia wengi wa Kisovieti walifika kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa Gorbachev, likafuata tetemeko la Spitak, kule Armenia, la Desemba 7, 1988 lililoua watu kama 25,000, kisha Umoja wa Kisovieti ukavunjika. Mzee aliyekuja kama mkimbizi wakati ule aliingizwa kwenye posho ya wazee na akakaa nayo. Mwaka 1996 sheria ikabadilishwa. Mkimbizi sasa anapewa posho ile miaka saba, na kama hajapata uraia inakatwa. Waliokuwa tayari wanaipokea walikuja kuokolewa mwaka uliofuata. Waliokuja nyuma yao wakakutana na saa inayohesabu.

Bibi wa Kinepali aliyefika 2009, hajui kusoma lugha yoyote, anatakiwa afanye mtihani wa uraia kwa Kiingereza. Kuna msamaha wa lugha kwa wenye umri mkubwa, lakini unataka uwe umekaa miaka 15 au 20 na grinikadi. Piga hesabu: saba na kumi na tano. Hapo katikati bibi anakula mshahara wa mtoto. Mzee wa Kiarmenia na bibi wa Kinepali wana tofauti gani zaidi ya tarehe ya ndege?

---

Mtu wa Hoja

Mleta uzi, nakuheshimu ila unalazimisha. Kila kitu kwako ni mlango na tarehe. Hivi utamaduni haupo? Waarmenia walikuwa wafanyabiashara kabla Marekani haijazaliwa. Shah Abbas, mfalme wa Iran, aliwahamishia Isfahan mwanzoni mwa miaka ya 1600, wakajenga Julfa Mpya, wakawa wanasafirisha hariri mpaka India na Ulaya. Hilo si jambo la mahakama ya Oregon. Halafu angalia taasisi: kanisa lao la kwanza Marekani, pale Worcester, ni la 1891. Chama chao cha hisani cha AGBU kilianzishwa Cairo 1906. Shule zao za kutwa zipo Los Angeles tangu miaka ya 1960. George Deukmejian alikuwa gavana wa California 1983 mpaka 1991. Watu wamejipanga! Usiwanyime sifa yao.

---

Mbeba Boksi

Hapa nakubali nusu, na nusu hiyo ni kubwa.

Taasisi, ndiyo. Muarmenia aliyetua Glendale 1990 bila senti alikuta kanisa, shule, daktari, wakili, na mwenye duka la dhahabu mjini Los Angeles anayeongea lugha yake. Bosi wangu mwenyewe alianza kuosha magari kwa binamu wa mkewe. Mnepali wa kwanza kufika Columbus alikuta baridi. Lakini unaona tumerudi kwenye tarehe? Taasisi ya 1891 imejengwa na watu wa 1891, na wale hawakuwa matajiri wa hariri. Worcester walikuwa vibarua wa kiwanda cha waya, na Watertown baadaye wakajaa kiwanda cha bidhaa za mpira. Wabeba boksi wenzetu.

Kuhusu biashara ya zamani, Wanepali nao wanayo, sema hatuijui. Wanewari wa Kathmandu walikuwa na maduka Lhasa kule Tibet karne na karne. Wathakali walishika njia ya chumvi kati ya Tibet na tambarare kupitia bonde la Kali Gandaki. Ukitaka damu ya biashara, ipo. Mbona haijawatajirisha wa Reynoldsburg, hapa jirani na Columbus?

---

Binti Kisauni

Salaam aleikum nyote. Mimi niko Doha mwaka wa sita, mzaliwa wa Mombasa. Naona nyinyi mwaongea Marekani tu, lakini Wanepali walioko Marekani ni tone. Bahari yenyewe iko huku Ghuba na Malaysia.

Huku Mnepali ndiye soja wa mlango, ndiye mjenzi, ndiye mpishi wa kambi. Fedha wanazotuma zafika kama robo ya uchumi wa nchi yao. Tangu 2015 serikali yao ilitangaza viza bure na tiketi bure, mwajiri alipe. Wallahi sijakutana na hata mmoja aliyekuja bure. Wamekopa kijijini kwa riba, mwaka wa kwanza wote wamlipa mkopeshaji. Sisi Wakenya twawalipa ajenti vile vile, kwa hiyo siwacheki, twaliana.

Sasa sikilizeni. Mimi nafanya kazi na kijana ambaye shangazi yake yuko Texas. Ukoo mmoja, kijiji kimoja. Shangazi alishinda bahati nasibu, sasa ana nyumba na uraia. Huyu ana miaka kumi na moja hapa, na mkataba ukiisha ni kwao, hana hata kiti cha plastiki cha kudai. Huku uraia ni nadra mno kupewa hata ukae arubaini. Nipeni huo utamaduni unaoeleza mambo hayo mawili.

---

Mtu wa Hoja

Dada yangu, hapo umenibana. Lakini Waarmenia huwaoni kwenye foleni hizo.

---

Hesabu Kali

@Mtu wa Hoja wapo, foleni yao iko Urusi. Sehemu kubwa ya fedha zinazoingia Armenia hutoka huko. Wanaume wa vijijini huondoka masika kwenda kujenga, wanarudi kabla ya mwaka mpya, na wana neno lao kabisa la safari hiyo, "khopan". Wake wanabaki na shamba, kama kule kwetu wanaume walivyokwenda manamba. Ukimsimamisha fundi wa zege wa Kiarmenia Urusi na wa Kinepali Doha, ukawavua kofia, sidhani utajua nani ana damu ya hariri.

Ndiyo maana nasema nchi ya kufikia ina kauli kuliko mtu anayefika. Uingereza nako, wazee wa Gurkha, yaani askari Wanepali waliopigania jeshi la Malkia na kustaafu kabla ya 1997 wamepewa haki ya kuhamia huko 2009, wakajaa Aldershot uzeeni na pensheni ndogo kuliko ya askari Muingereza. Bunduki ile ile, tarehe tofauti.

---

Kidagaa

Nakiri, nilikuja kutania nimebaki kusoma. Swali la mwisho: hawa Wanepali wa Columbus wenye mishahara midogo wananunuaje nyumba? Maana nasikia wananunua kweli, na Watanzania tuliotangulia bado tumepanga.

---

Mbeba Boksi

Wanaishi wengi kama alivyosema Hesabu Kali, hilo la kwanza. La pili wana upatu wao, wanauita dhukuti. Kila mwezi kila mtu anaweka kiasi kile kile. Tofauti na wetu, mara nyingi zamu haipangwi kwa kura, inatolewa kwa mnada. Tuseme mko 20, chungu ni dola 20,000. Mwenye shida anasema "nipeni mimi, nakubali kukatwa 2,000". Mwingine anasema 3,000. Anayekubali kukatwa zaidi anachukua, na kilichokatwa mnagawana nyie mliobaki. Mwenye haraka anapata malipo ya kwanza ya nyumba au ya gari la mizigo, mwenye subira anapata faida. Benki haihusiki, na historia ya mkopo haiulizwi. Hatari yake mnaijua: anayechukua mapema akahama jimbo, mmelia.

Waarmenia wa Glendale sikuwahi kuona wakihitaji hicho. Bosi alikuwa anakopa kwa shemeji, mkataba ni kikombe cha kahawa.

---

Mama Furaha

Huo dhukuti naujua. Sisi tunaita likelemba, wamama wa kanisa letu tuko kumi na wawili. Jirani yangu mmoja alikuja kutufundisha huo wa mnada. Tukajaribu mwezi mmoja. Mama mmoja mtoto wake alikuwa amefariki Nyarugusu, anatafuta nauli, akasema mnikate chochote. Tukaangaliana. Nani anyooshe mkono kupokea faida hiyo?

Tukampa chungu chote, tukarudi kwenye zamu yetu ya zamani. Jirani akacheka, akasema ndiyo maana hamnunui nyumba. Halafu jioni akaleta mchele na dengu kwenye msiba, akakaa na sisi mpaka usiku.